Olima na Mnoko wa Saa Saba

Olima hakuwa mtu wa hasira mpaka alipopewa mdoli.

Nilimjua tangu akiwa utingo wa malori pale Sirari, kijana wa mama Akinyi aliyekuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, karibu na ofisi za mawakala wa forodha. Nusu ya ndugu zake wako Isebania, upande wa Kenya, nusu wako upande huu, naye alikuwa anavuka mpaka kama mtu anayetoka jikoni kwenda sebuleni. Alikuwa mcheshi. Lori likikwama kwenye tope, wengine wanatukana, yeye anaimba.

Kisha lori lao likaanguka kwenye kona, njia ya kuja Tarime. Dereva wake akatolewa hana hata mchubuko, ila hapumui. Watu wakajaa, wakasimama. Olima naye akasimama. Mwisho mama mmoja akavua kanga yake, wakamfunika marehemu. Baadaye mganga wa zahanati akamwambia kwamba mtu wa namna ile, kifua chake kikikandamizwa mapema, mara nyingine hurudi.

"Mzee, nilisimama kama mti," aliniambia. "Na mikono yangu hii nilikuwa nayo."

Maneno hayo aliyarudia kila tulipokutana, na tulikutana mara nyingi, kwa kuwa mimi ni mtu wa njiani. Kazi yangu ni kunoa moko, yale matindo ya chuma ambayo wachimbaji wanayagonga kwa nyundo kupasua mwamba. Palipo na dhahabu pana moko butu, na palipo na moko butu nipo mimi na kibuyu changu cha uji.

Olima akaacha malori. Akaenda Musoma kujifunza huduma ya kwanza, akafanya kazi ya kujitolea, akabeba majeruhi kwenye pikipiki mpaka pikipiki ikafa. Baadaye, miaka ile baada ya korona, dhahabu ilipopanda na kila mwenye koleo akawa tajiri mtarajiwa, shirika moja likamwajiri kufundisha vikosi vya uokoaji kwenye machimbo madogo. Wakampa mdoli wa mpira wenye kichwa na kifua, hana miguu. Wakampa na kidude cheusi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia.

Akaja navyo Saa Saba.

Saa Saba ni machimbo yaliyo juu kidogo ya Kerende. Yaliitwa hivyo kwa sababu mtu wa kwanza kuona dhahabu pale aliiona saa saba mchana, na jua lilipozama hapakuwa tena na shamba la mihogo, palikuwa na mashimo na watu. Ndiyo rashi hiyo. Wachimbaji wanasema "rashi imetoka mahali fulani," basi hulali mpaka ufike.

Siku ya kwanza nilikuwepo. Olima alimlaza mdoli chini, kwenye ubao, akaweka kile kidude katikati ya kifua chake.

"Kifua cha mtu kina kipimo," akasema. "Ukibonyeza juu juu, moyo haujui kama umekuja. Ukibonyeza ukakaa hapo hapo, moyo haupati nafasi ya kujaa damu. Bonyeza kwa nguvu, uachie kabisa, bonyeza tena, haraka, bila kupumzika. Na hiki hapa kitawaambia ukweli. Kijani, umefanya vizuri. Nyekundu, umekosea. Kinagonga tik tik kukupa mwendo. Na ukishabonyeza kwa muda wa kumchosha mtu, kinalia mlio mrefu. Hapo unatoka, mwenzako anaingia. Usibishe. Mtu aliyechoka hajijui kama amechoka."

Wachimbaji wakacheka. Watu wanaopasua mwamba tangu asubuhi, waambiwe habari ya kubonyeza mpira!

Akapiga magoti wa kwanza, kifua kama mlango wa godauni. Nyekundu. Akaja wa pili. Nyekundu.

"Kibovu hiki," akasema.

"Si kibovu. Huachii."

"Ninaachia!"

"Unaegemea, mura. Unakaa juu ya mtu kama uko kwenye kochi."

"Kidude gani hiki kinachochongea watu hadharani? Mnoko huyu!"

Jina likashika hapo hapo. Mnoko, yaani yule msimamizi asiyefumba jicho kwa kosa lako hata dogo. Wakawa wanakuja jioni kushindana na Mnoko, anayepata nyekundu anazomewa. Olima alifurahi. Alikuwa na watu waliopata kijani mfululizo, wenye mikono inayojua, na masika ilikuwa haijafika. Masika ndiyo aliyokuwa anaihesabia. Mvua zikinyesha, maduara ya Saa Saba yanavuja, yale mashimo ya kushukia; maji ya shimo lililoachwa yanapasukia shimo lenye watu. Kila masika anatolewa mtu, na kila mara watu wanasimama kama miti.

Ndipo asubuhi moja habari ikaja: rashi imetoka Busawe, ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti.

Nilipoamka nilikuta Olima amekaa karibu na mdoli peke yake. Vibanda vilikuwa wazi, majiko yana majivu ya jana. Kikosi chake chote kilikuwa kimevuka mto.

"Hata kuaga?" aliniuliza. "Mzee, hata kuaga?"

"Rashi haina kwaheri, mwanangu."

"Nimewafundisha mwezi mzima! Mtu nimemtoa kwenye nyekundu mpaka kijani, anakwenda kuchimba mahali ambapo hakuna Mnoko wala mdoli. Akimkuta mtu amezama, ataokoa nani na mwenzake hajui kumpokea?"

Akafundisha wengine waliobaki. Nao wakasikia habari za mahali pengine, wakaondoka. Akaanza tena. Mtoto wa watu akifika kijani tu, kesho yake hayupo. Nilimwona Olima akianza kuzungumza na mdoli. "Wewe angalau hutaondoka," alimwambia siku moja. "Huna miguu."

Waliobaki Saa Saba ni wale wasioweza kubeba walicho nacho. Wa kwanza alikuwa Heche. Shamba la mihogo lililogeuka machimbo lilikuwa la kwake, na yeye ndiye mwenyekiti wa maduara. Mzee mkubwa wa mwili, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, asiyependa kuonyeshwa jambo mara mbili. Wa pili alikuwa Agustina, mke wa mwanawe Joram. Joram alikwenda Busawe na wenzake. Agustina akabaki na watoto, mahindi, na kazi yake ya kutwanga mawe kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Walibaki pia wagonjwa wachache na wazee kama mimi, ambao magoti yetu yakishuka chini yanahitaji kamati ya kuyainua.

Basi kikosi kizima cha uokoaji cha Saa Saba kikawa ni hao wawili. Na hapo ndipo Olima alipoonja hasira yenyewe.

Heche alikuwa na nguvu, ila anaegemea. Agustina alikuwa anaogopa kuvunja mbavu, anabonyeza kama anayeangalia unga kama umekauka. Mnoko aliwasema wote wawili, na baada ya siku nyingi wote wawili wakapata kijani. Lakini kila mmoja kwa saa yake! Agustina akifika akamkuta baba mkwe wake amepiga magoti kwa mdoli, anajifunika kanga vizuri, anazunguka nyuma ya karasha, anasubiri huko. Heche akifika akasikia sauti ya Agustina, anageuka njia. Na akija baada yake, haweki mikono juu ya kifua kile mpaka kifutwe kwa kitambaa chenye maji, na mdoli ageuzwe kichwa upande mwingine.

Kwetu huku mkwe wa kike hamgusi baba wa mumewe. Hampi mkono, hali naye, hamwambii neno la uso kwa uso. Akiwa na jambo, anamwambia mtu wa tatu. Nimeshasimama katikati yao mara nyingi nikinoa moko: "Babu, mwambie tata kwamba ndama amekatika kamba." Na tata, yaani baba mkwe, amesimama pale pale, anasikia kila kitu, ananiangalia mimi mpaka nimwambie kwamba ndama amekatika kamba.

"Mzee Heche," Olima alimwambia, "huyu hawezi kuokolewa na mtu mmoja. Mkono wa mtu mmoja unachoka. Lazima mpokezane hapo hapo, bega kwa bega. Mimi nitakuwa kichwani ninampa pumzi. Nyie ndio kifua."

"Tafuta mtu mwingine."

"Mtu mwingine yuko Busawe!"

"Basi mfuate."

"Mzee, mtu akifa?"

"Watu walikufa kabla hujazaliwa, na wakwe waliheshimiana."

"Haya ni mambo ya kizamani, mzee wangu. Mbele ya kifo hakuna mkwe."

Heche akamtazama, akatabasamu kwa upande mmoja. "Wewe Mjaluo. Mama mkwe wako, kule Isebania, ulimpa mkono lini mara ya mwisho?"

Nami namjua Olima: siku mama mkwe wake alipokuja Sirari, yeye Olima alikula chakula chake nyuma ya nyumba, amesimama, sahani mkononi.

"Hayo ni mengine," akasema.

"Ni yale yale," akasema Heche, akaondoka zake.

Olima akaupiga teke udongo. Akakaa chini. "Mvua inakuja," aliniambia. "Nimepata mikono inayojua, na haiwezi kukaa juu ya kifua kimoja. Si bora nirudi kwenye malori?"

Aliyetoa njia ni Agustina. Alikuwa nyuma ya karasha, amesikia yote, akaniita.

"Babu, mwambie Mwalimu Olima. Si yule Mnoko ndiye anasema nani aingie na nani atoke? Tata akitoka, hatoki kwa sababu yangu. Anatoka kwa sababu Mnoko amelia. Na mimi nikiingia, sikujiingiza. Mkono wangu utakuwa juu ya Mnoko, na wake ulikuwa juu ya Mnoko. Katikati yetu kuna mtu."

Nikampelekea Olima, na Olima akampelekea Heche. Heche akakwaruza kidevu.

"Anaingilia upande wa kulia," akasema mwishowe. "Mimi natokea kushoto. Na nikishatoka nageuka kabisa, simwoni."

"Sawa, mzee."

"Na yule Mnoko asiseme uongo."

"Hajui kusema uongo, mzee. Ndiyo shida yake."

Wakaanza. Ilikuwa ajabu kuwaona. Tik tik tik, Heche anabonyeza, jasho linamtoka, mlio mrefu, Heche anainuka kushoto, anageuza mgongo kama mtu aliyekatazwa kuona, ndipo Agustina anatoka kulia, anajitanda kanga, anapiga magoti. Katikati hapo mdoli amekaa bila mkono kifuani, na Olima anajishika kichwa.

"Mnachelewa! Hapo ameshakufa! Mkimaliza heshima zenu anakwenda kuzikwa!"

"Mwambie Mwalimu asinipigie kelele mbele ya watu," Heche akaniambia mimi.

"Mwambie tata," Agustina naye akaniambia, "ageuke akiwa anainuka, si baada ya kuinuka."

Nikawa nimebeba maneno kama punda. Lakini walikuwa wanapunguza. Ile nafasi ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, mpaka siku moja Mnoko akapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine bila kuwasha nyekundu. Olima alitoka nje ya kibanda, nikamsikia anaimba, mara ya kwanza tangu aje Saa Saba.

Kilichokuwa kimebaki kumtesa ni betri. Mnoko anakula betri bapa, kama kifungo cha koti, na taa yake ilikuwa imeanza kufifia. Olima aliwapigia simu shirika. Wakamwambia ombi limepokelewa. Akaenda Sirari, akaletewa kutoka Isebania betri za saa ya mkononi, hazikai. Akapiga tena. Ombi limepokelewa.

"Limepokelewa wapi?" alipiga kelele kwenye simu. "Nimeuliza betri, sikuuliza ombi!"

Na mvua ikaja.

Ilinyesha mpaka asubuhi. Kulipopambazuka Sadock alinifuata. Sadock alikuwa mmoja wa wale wagonjwa waliobaki. Alikuwa na jipu la mguu, ndilo lililomzuia kwenda Busawe, naye alikuwa analilaani kila siku.

"Babu, leo nina nafasi. Ninolee moko zangu."

"Ziko wapi?"

"Chini, kwenye duara. Naingia mara moja."

"Ngoja maji yatulie."

"Duara langu kavu, babu. Si la hawa wengine." Akacheka, akashuka.

Duara lake lilikuwa kavu kweli. Lililokuwa limejaa ni la jirani yake, lililoachwa na waliokwenda Busawe. Ukuta wa katikati ukapasuka. Tulisikia sauti kama ya gunia zito linadondoka, kisha kamba ya Sadock ikavutika, kisha ikalegea. Wazee na wagonjwa tukaishika. Sijui tulipata wapi nguvu. Tulipomtoa alikuwa amejaa tope puani, midomo ya buluu, hapumui.

Watu wakasimama. Nami nikasimama, sisemi uongo.

"Msisimame!" Olima alikuwa anakuja mbio, mkoba begani. "Mlazeni pale kwenye ubao! Mzee Heche! Agustina!"

Wakaja wote wawili, huyu kushoto, huyu kulia, kama walivyozoea. Olima akampangusa Sadock mdomo, akamwekea mdomoni kifuniko cha plastiki cha kupulizia, akampa pumzi. Akaweka Mnoko kifuani. Taa ikawaka, hafifu.

"Bonyeza!"

Heche akabonyeza. Tik tik tik. Kijani. Olima anainama, anapuliza, anainuka. Mlio mrefu. Heche akatoka akigeuka, Agustina akaingia. Kijani. Hapakuwa na pengo hata la kupitisha wembe. Nilimwona Olima anatikisa kichwa, anapuliza tena. Mlio mrefu. Heche akaingia.

Na hapo Mnoko akafa.

Taa ilizimika, tik tik ikakatika. Heche akakitazama kile kidude, akaona weusi mtupu, akaendelea. Mwanzoni aliendelea vizuri. Baadaye nikaona mabega yake yanashuka. Akawa anabonyeza na kukaa hapo hapo, vile vile alivyoanza siku ya kwanza.

"Badilisha, mzee!" Olima akasema, akainama kupuliza.

"Bado."

"Umechoka, mzee, badilisha!"

"Nani amechoka? Sijachoka! Nani amesema?"

"Nimesema mimi!"

"Wewe si Mnoko!"

Na kweli, mtu mwenye mdomo unaweza kubishana naye. Ile taa alikuwa habishani nayo. Olima hawezi kuacha pumzi akamvute. Agustina amesimama kulia, mikono iko tayari, anatazama kile kidude kilichokufa kama anakiomba. Hapakuwa na mtu katikati. Kifua cha Sadock kilikuwa kinashuka na hakipandi.

"Tata," Agustina akasema. "Toka. Humwachii."

Alisema akimtazama. Si kwangu. Si kwa Olima. Kwake.

Heche alikauka. Nilidhani atampiga. Kisha akateleza kushoto, na Agustina hakumngoja ageuke. Alishuka kwa haraka hata bega lake likasugua bega la baba mkwe wake, watu wote tukaona. Akabonyeza. Hapakuwa na tik tik, hapakuwa na taa, alikuwa anahesabu kwa Kikurya chini ya pumzi. Alibonyeza mpaka ubavu mmoja ukalia, na hakuacha.

Sadock akatapika maji. Akakohoa. Olima akamgeuza ubavu, akampiga mgongo, akasema "Nyasaye, Nyasaye," mpaka ikawa kama anagombana na Mungu.

Gari la mchanga likampeleka hospitali, anapumua.

Sasa, mtu angedhani siku ile ilikuwa ya shangwe. Olima alidhani hivyo. Alirudi jioni kutoka hospitali akiwa na soda mkononi, akakuta Saa Saba imenyamaza. Jiko la Agustina lilikuwa baridi. Alikuwa amechukua watoto amekwenda kwa mama yake, kule Kerende chini, kwa kuwa mke aliyemwambia baba mkwe wake toka, akamsugua bega, halali nyumba ile mpaka jambo lizungumzwe. Hakufukuzwa. Alijiondoa mwenyewe, kama inavyotakiwa.

"Mtu amefufuka!" Olima alipiga kelele. "Mtu alikuwa amekufa, yuko hai, anaomba uji! Nyie mnazungumza bega?"

Mzee mmoja akamwambia, kwa upole, "Keti, mwalimu. Kesho tutaongea."

Kesho yake wakakaa, nyumbani kwa Heche, wazee na mimi na Olima. Olima alikuja amevaa shati la mikono mirefu, amepanga maneno yake ya kumtetea Agustina. Alikuwa na maneno mengi. Hakupata nafasi ya kusema hata moja.

"Mimi na mkwe wangu hatuna ugomvi," Heche akasema. "Alichosema kilikuwa kweli. Mikono yangu ilikuwa imechoka na mimi sikujua. Nimeshatuma mtu akamwambie arudi, nitachinja, yataisha. Lakini kuna mtu alikosa." Akamgeukia Olima. "Sisi wawili tulikuwa na mtu katikati. Wewe ndiye uliyemleta. Ulisema hasemi uongo. Kwenye shida akalala."

"Ni betri, mzee! Imeisha betri!"

"Mshenga akilala njiani, anaulizwa aliyemtuma."

"Niliomba betri! Nimepiga simu mpaka..."

"Hatukatai. Ulijua ana njaa, ukamweka kazini."

Wazee wakaguna, kwamba hapo pana neno. Olima aligeuka kunitazama mimi. Mimi nilitazama kibuyu changu.

Wakaamua hivi: Olima hataondoka Saa Saba masika yote. Kila mazoezi na kila ajali, yeye atakaa katikati badala ya Mnoko. Na Heche, kwa upande wake, akaapa mbele ya wazee kwamba Olima akisema toka, atatoka bila kubisha, kama alivyokuwa anaitii ile taa.

"Nina machimbo mengine!" Olima akasema. "Shirika limenipangia Sirari, limenipangia ng'ambo..."

"Waambie ombi limepokelewa," Heche akasema. Huo ndio utani wake pekee niliousikia.

Agustina akarudi. Mbuzi akachinjwa, kichuri, ule mchuzi mchungu wa matumbo, kikapikwa. Sadock naye akarudi, amefungwa bandeji kifuani, analalamika kuliko alivyolilalamikia jipu. "Agustina, ulitumia nyundo? Ubavu wangu umefanya nini?" Na Agustina, ambaye hakuwa na sababu ya kutumia mtu wa tatu kwa Sadock, alimjibu, "Na mwingine unao bado. Rudi tena kwenye maji."

Mimi nikaondoka kwenda kunoa moko Busawe. Joram nilimkuta huko, nikamweleza, akacheka, akalia, akaniuliza kama mama watoto wake ni mzima. Nilipopita tena Saa Saba mvua zilikuwa zinakwisha, na nilikuta betri zimefika. Pakiti nzima, zimetoka Nairobi, zimepitia Isebania, zimekaa Sirari kwa wakala wiki kadhaa.

Mdoli alikuwa kwenye ubao. Mnoko alikuwa kifuani kwake, anawaka kama jicho la paka, tik tik tik, mzima kabisa. Heche alikuwa anabonyeza. Agustina alikuwa kulia. Na Olima alikuwa ameketi kichwani kwa mdoli, sauti imemkauka, macho mekundu.

Heche akainua uso. "Unasemaje?"

"Kijani, mzee. Si unaiona? Imewaka hapo mbele yako!"

"Kile kilizima siku ile. Nakuuliza wewe."

Olima alifumba macho. Alivuta pumzi kama mtu anayeinua jiwe. Nikadhani sasa atasimama, atafute lori la kwenda Sirari.

Mnoko akalia mlio wake mrefu. Hakuna aliyetikisika. Walikuwa wanamtazama Olima.

"Badilisha," akasema.

Heche akatoka kushoto, akageuka. Agustina akaingia kulia.